Kiichiro Toyoda na Kiwanda Kilichojua Kuzungumza

Iwapo kuna jina la Kijapani ambalo mtoto wa Kitale au Bungoma hulijua kabla hajaonyeshwa Japani kwenye ramani, jina hilo bila shaka ni Toyota. Msafiri anayetoka Kitale akapitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, aghalabu huwa ameabiri gari lenye jina hilo. Mahindi ya mkulima hupelekwa sokoni kwa gari hilo, na mgonjwa wa usiku hukimbizwa hospitalini kwa gari hilo hilo. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu wanaofahamu kwamba nyuma ya jina hilo alikuwako mtu mwenye damu na nyama, Kiichiro Toyoda, aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1894 na kufariki dunia tarehe 27 Machi 1952, akiwa na umri wa miaka 57.

Nimeamua leo kuyaeleza maisha ya mtu huyu kwa walimu na wanafunzi. Sina haja ya kuipigia debe kampuni yake, kwani haihitaji debe langu. Sababu yangu ni kwamba katika shule zetu, vyama vyetu vya ushirika na ofisi zetu za umma, tumezoea kununua kompyuta kwanza kisha ndipo tukaulizana zitafanya kazi gani. Tunaita jambo hilo mpango wa mifumo ya habari, ilhali ni ununuzi tu. Kiichiro aliishi kabla ya kompyuta kuingia viwandani, na pengine ndiyo sababu aliliona wazi jambo ambalo sisi tunafichwa na mng'ao wa kioo cha mashine. Alitambua kwamba kiwanda cha magari, kabla ya kuwa mkusanyiko wa vyuma, ni mkusanyiko wa watu wanaopashana habari: nani anahitaji kujua nini, kutoka kwa nani, na saa ngapi.

Baba yake, Sakichi Toyoda, alikuwa mwana wa seremala wa kijijini ambaye maisha yake yote aliyatolea mitambo ya kufuma nguo. Kati ya uvumbuzi wake mwingi, mmoja unatuhusu hapa. Mwaka 1924, Sakichi, akisaidiwa na mwanawe, alikamilisha mtambo uliojiendesha wenyewe na ambao ulisimama mara tu uzi ulipokatika. Zamani mfumaji alilazimika kuukodolea macho mtambo mmoja kutwa nzima, maana uzi ukikatika pasipo mtu kuona, nguo yote iliharibika. Mtambo wa Sakichi ulitoa habari ya kasoro papo hapo, kwa kunyamaza. Mfanyakazi mmoja sasa aliweza kuisimamia mitambo mingi. Mwanaisimu yeyote atakuambia kwamba kimya nacho ni ishara, mradi pande zote mbili zimeafikiana kuhusu maana yake.

Kiichiro alisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, akahitimu mwaka 1920, kisha akaingia katika biashara ya baba yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alizuru Uingereza na Marekani, akakaa kwa muda katika kiwanda cha Platt Brothers mjini Oldham, ambacho enzi hizo kilisifika ulimwenguni kote kwa mitambo ya nguo.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliuangusha mji wa Tokyo na viunga vyake. Reli za tramu ziliharibika, na wakuu wa mji wakaagiza kutoka Marekani fremu na injini za malori ya Ford ili ziundiwe mabasi ya dharura. Wajapani wakaonja manufaa ya gari. Ford ilifungua kiwanda Yokohama mwaka 1925, na General Motors ikafuata Osaka mwaka 1927. Viwanda hivyo havikuunda gari tangu mwanzo. Vilipokea vipande vilivyofungwa makashani kutoka Marekani na kuviunganisha. Msomaji wa Kenya hana haja ya kuelezwa zaidi, kwani ndivyo vilivyofanya viwanda vilivyoanzishwa Thika, Nairobi na Mombasa katika miaka ya 1970. Kazi ya kuunganisha ni kazi ya halali, lakini wanaoifanya husoma barua iliyokwisha kuandikwa na wengine. Kiichiro alitaka kuiandika barua mwenyewe.

Mwishoni mwa 1929, kampuni ya Platt Brothers ilikubali kulipa pauni 100,000 ili iruhusiwe kuunda mtambo wa Sakichi. Safari ya Kiichiro ya kwenda kutia sahihi mkataba huo ilimpa nafasi ya kutazama tena viwanda vya magari vya ng'ambo. Baba yake alifariki Oktoba 1930. Tarehe 1 Septemba 1933, miaka kumi kamili baada ya tetemeko, kampuni ya mitambo ya nguo ya familia hiyo ilianzisha idara ya magari. Injini ya kwanza ilikamilika mwaka 1934, gari la abiria la majaribio likafuata mwaka 1935, na Novemba mwaka huo huo lori lao la kwanza likaonyeshwa hadharani Tokyo.

Tusidhani kwamba mambo yalinyooka. Kusubu chuma cha injini kuliwasumbua mno, na vipande vingi vya mwanzo vilitupwa. Malori ya awali yaliharibika njiani mara kwa mara. Lakini hapa ndipo tabia ya Kiichiro ilipojitokeza. Kila gari lililokwama lilihesabiwa kuwa habari. Mafundi walitumwa kulifuata huko huko lilikokwama, wakatazama kilichovunjika, na taarifa ikarudishwa kwa wale waliokiunda kipande kile ili wakirekebishe. Uzi ulikuwa umekatika, nao mtambo ukawa umesimama. Tofauti ni kwamba mtambo wenyewe sasa ulienea barabarani.

Mwaka 1936 kampuni ilitangaza shindano la kubuni nembo, yakaja mapendekezo yapatayo 27,000. Lililoshinda liliandika Toyota badala ya Toyoda. Katika maandishi ya Kijapani yaitwayo katakana, Toyota huandikwa kwa mikwaju minane ilhali Toyoda huhitaji kumi, na nane kwa Wajapani ni nambari ya heri. Isitoshe, jina la kampuni likatengana na jina la ukoo. Kifonolojia, kilichotendeka ni kwamba sauti ghuna d iligeuzwa kuwa sauti hafifu t. Nami kila nikifundisha badiliko hili huwakumbusha wanafunzi wangu kwamba katika Lubukusu sauti d haisimami peke yake. Huja tu ikitanguliwa na n. Mzee wa Bungoma angeyafanya mageuzi hayo bila shindano na bila zawadi.

Kampuni ya Toyota Motor ilianzishwa rasmi tarehe 28 Agosti 1937. Rais wake wa kwanza alikuwa shemeji yake Kiichiro, Risaburo, naye Kiichiro akawa makamu hadi aliposhika usukani mwenyewe mwaka 1941. Novemba 1938 walifungua kiwanda kikubwa katika mji wa Koromo, mji ambao mwaka 1959 ulibadilishwa jina ukaitwa Toyota. Basi anayedhani kwamba kampuni iliitwa kwa jina la mji ameanzia mkiani.

Katika kiwanda hicho cha Koromo ndimo Kiichiro alimotia wazo lake kuu. Gari lina maelfu ya vipande. Kwa desturi, kila karakana ilitengeneza vipande vyake kwa wingi ilivyoweza, ikavirundika ghalani, na waunganishaji wakavichukua huko. Utaratibu huu una starehe yake, kwani hakuna anayelazimika kujua mwenzake anafanya nini. Ghala huwa limechukua mahali pa mazungumzo. Lakini vyuma vilivyorundikwa ni fedha zilizolala, na kasoro iliyojificha ndani ya rundo hugunduliwa wakati maelfu ya vipande vibovu vimekwisha kutengenezwa. Kiichiro hakuwa na mtaji wa Ford wa kulaza fedha namna hiyo, wala soko la Japani halikuwa kubwa kama la Marekani. Akaagiza kwamba kila kipande kitengenezwe na kufika pale kinapohitajika, kwa wakati wake hasa na kwa idadi yake hasa, kisizidi wala kisipungue.

Ni rahisi kutamka agizo hilo, lakini kulitekeleza kunahitaji kila mtu ajue mahitaji ya jirani yake wa mbele kwa siku ile. Kwa masimulizi ya binamu yake Eiji, aliyefanya kazi naye, Kiichiro aliandika maelezo ya utaratibu huo yaliyofikia unene wa sentimita kumi, yakatumiwa kuwafundishia wasimamizi na wafanyakazi. Walimu wenzangu watanielewa nikisema kwamba huo ulikuwa mtaala. Kabla ya kudai kasi, aliwafundisha watu wake lugha moja: kipande kinaitwaje, kinahesabiwaje, nani hukiomba na nani hukitoa. Leo wataalamu wangeuita waraka ule mpango mkakati wa mfumo wa habari wa kiwanda cha magari. Haukuwa na waya wala umeme ndani yake.

Vita viliuvuruga mpango huo. Serikali ya kijeshi ndiyo iliyogawa chuma na mpira, nayo ndiyo iliyoamua malori mangapi yaundwe. Kiwanda hakiwezi kuomba kipande kwa wakati wake ikiwa chuma chenyewe huja kwa amri ya mtu mwingine. Tarehe 14 Agosti 1945, siku moja tu kabla ya Japani kutangaza kusalimu amri, kiwanda cha Koromo kilipigwa bomu na sehemu yake ikabomoka.

Baada ya vita Kiichiro aliwapa watu wake lengo la kuwafikia Wamarekani katika muda wa miaka mitatu, lengo ambalo wengi waliliona kama ndoto ya mchana. Uchumi haukumsubiri. Mwaka 1949 sera kali za kupambana na mfumuko wa bei zilikausha fedha nchini Japani. Wateja walikuwa wamechukua malori kwa mkopo na hawakuweza kulipa, huku kiwanda kikiendelea kuunda mengine. Desemba mwaka huo kampuni ilikubaliana na wafanyakazi kwamba mishahara ipunguzwe lakini asifukuzwe mtu. Ahadi hiyo haikudumu. Mabenki yaliyotoa mkopo wa kuiokoa yalishurutisha idara ya mauzo itengwe na kuwa kampuni yake, na kiwanda kiunde tu magari ambayo kampuni ya mauzo ingeweza kuyauza. Mwaka 1950 wafanyakazi wapatao 1,600 walitakiwa wakubali kustaafu, mgomo mrefu ukazuka, na mwezi Juni Kiichiro akajiuzulu ili kubeba lawama.

Naomba msomaji alitafakari tukio hili kwa makini, maana ndipo penye uchungu na ndipo penye funzo. Mtu aliyefundisha kwamba kila karakana iunde kile tu kinachoombwa na karakana ya mbele aliangushwa na magari yaliyoundwa pasipo kuombwa na yeyote mwenye uwezo wa kuyalipia. Mnyororo wake wa habari ulikuwa umefika hadi lango la kiwanda ukakomea hapo. Mtu wa mwisho katika mnyororo, yaani mnunuzi, hakuunganishwa. Sharti la mabenki, pamoja na ukali wake wote, kwa kweli lilikuwa fikra ya Kiichiro mwenyewe iliyosukumwa hatua moja mbele zaidi.

Wiki chache baada ya kujiuzulu kwake, vita vya Korea vilizuka, na jeshi la Marekani likaagiza malori kwa wingi. Kampuni iliyokuwa mahututi ikasimama. Mwaka 1952 Kiichiro aliombwa arejee kuiongoza, lakini kabla hajakalia kiti mshipa ulimpasuka ubongoni, akafa. Hakuyaona yale ambayo dunia nzima ingekuja kuyaona.

Waliobaki walilisukuma wazo lake. Taiichi Ohno, aliyefariki mwaka 1990, ndiye aliyelipatia chombo cha kulibeba, yaani kadi iitwayo kanban, neno la Kijapani lenye maana ya kibao au ishara. Mfanyakazi anapotumia vipande vya chombo kimoja, kadi ya chombo hicho hurudishwa kwa aliyevitengeneza, nayo ndiyo ruhusa yake ya kutengeneza vingine. Pasipo kadi, hatengenezi. Hatuna haja ya kwenda Japani ili tuielewe mantiki hii. Makanga wa matatu anapogonga bati, dereva aliye mbele, ambaye haoni mlango wa nyuma, hujua asimame au aondoke. Ishara ni fupi, hutoka kwa yule anayeona, humfikia yule anayehitaji, na huja wakati ule ule. Kompyuta zilipoingia katika viwanda vya Toyota, zilikuta watu wanaozungumza tayari. Kazi yake ikawa kuyapeleka mazungumzo hayo mbali zaidi na upesi zaidi.

Tugeuke sasa tutazame kwetu. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya. Wakaliunda. Magari ya majaribio yaliyoitwa Nyayo Pioneer yalizinduliwa mwaka 1990, yakaweza kwenda kasi ya kilomita 120 kwa saa. Shirika la Nyayo Motor likaundwa ili kuyatengeneza kwa wingi, lakini fedha zikakosekana na gari halikuingia sokoni kamwe. Wapo wanaolicheka gari lile. Mimi silicheki. Wahandisi wetu walithibitisha kwamba Mkenya anaweza kuunda gari. Hata hivyo, kuunda gari moja ni kazi ya mikono hodari, ilhali kuunda magari elfu kumi kunahitaji ujuzi wa aina nyingine: kuwaunganisha wasubu vyuma, watengenezaji wa vioo, wauzaji na wanunuzi katika mazungumzo yasiyokatika, na kuutafutia mtaji mnyororo mzima. Kiichiro mwenyewe, akiwa na utajiri wa familia na ulinzi wa sheria ya mwaka 1936 iliyowabana washindani wa kigeni, alikaribia kuzama. Hilo latuonyesha ukubwa wa kazi yenyewe.

Nasi watu wa magharibi mwa Kenya tunao mnyororo wetu. Mkulima wa miwa wa Bungoma anajua kwamba muwa uliokatwa hupoteza sukari kadiri unavyolala juani. Basi mkata miwa, mwenye trekta na msimamizi wa mtambo wa kusagia wanapaswa kujuana saa kwa saa kama karakana za Koromo. Mkulima wa Trans Nzoia naye akilipeleka lori lake la mahindi Kitale likapanga foleni, kila saa ya foleni ni habari iliyochelewa kufika: kwamba ghala limejaa, au kwamba mahindi yana unyevu mwingi, au kwamba fedha za kuwalipa wakulima hazijaja. Kama habari hiyo ingemfikia angali shambani, lori lisingeondoka. Kompyuta iliyofungwa ofisini haimsaidii mkulima huyu ikiwa hakuna aliyeketi kwanza kuuliza ni nini anachohitaji kujua kabla ya kupakia gunia la kwanza. Yeye ndiye mtu wa mwisho katika mnyororo, na kama mnunuzi wa malori wa mwaka 1949, ndiye anayesahauliwa.

Shule zetu hazina udhuru bora. Ni mara ngapi mwalimu hujaza takwimu zile zile katika fomu tatu, kila moja ikaenda katika ofisi tofauti, na hakuna hata moja inayomrudishia jibu? Hizo ni karakana zinazorundika vipande ghalani. Shule inayotaka kupanga mfumo wake wa habari haina budi kuanza na karatasi na kalamu: iorodheshe maamuzi yanayofanywa kila juma, iandike kila uamuzi unahitaji habari gani, itaje nani anayo habari hiyo sasa, na ipime inachukua siku ngapi kumfikia mwenye kuamua. Mwanafunzi asipofika darasani siku tatu mfululizo, mzazi wake hujua lini, na hujua kutoka kwa nani? Shule inayoweza kulijibu swali hilo imekwisha kupanga nusu ya mfumo wake, na ikipata kompyuta itajua pa kuiweka.

Nawasihi wanafunzi wanaosomea kompyuta mjini Kitale na Bungoma wasiridhike na kujua vidude vya kubonyeza. Jifunzeni kusikiliza jinsi watu wa kazi fulani wanavyoombana na kujibizana, kwani huko ndiko mfumo wowote wa habari unakoanzia, nako ndiko tusikopeleka wataalamu wetu. Na nyinyi walimu, mnapoyafundisha maisha ya watu mashuhuri, mpeni Kiichiro Toyoda nafasi yake, pamoja na ushindi wake na pia ile siku ya Juni 1950 alipouacha uongozi kwa sababu habari za soko zilichelewa kumfikia. Wakulima wetu wanaendelea kulipa gharama ya ucheleweshaji kama huo kila msimu wa mavuno.